Paker Ni Nani?

Nimerudi kutoka Kakesio kumuuguza mama, begi begani, nakuta kitanda changu kiko barazani!

Sufuria zangu zimepangwa ukutani kama za mnadani. Mlangoni kufuli jipya linaning'inia… na ndani mwanamke anawaambia wazungu kwa Kiingereza, karibuni, hii nyumba ya bibi yangu.

Sauti ile naijua. Namelok. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana!

Jamani, kwanza muujue mtaa wetu. Ni mtaa wa zamani hapa Karatu, nyumba za tofali nene, baraza mbele, mijakaranda. Kila kitu kwa miguu: soko, kanisa, mashine ya kusaga. Bodaboda hawanipendi kabisa. Siku hizi wageni wanashushwa kona ya juu, wanatembea taratibu wakipiga picha hata kamba zetu za nguo. Nyumba huku imekuwa dili.

Namelok nilimleta mjini mwenyewe. Alipojifungua nikampa kondoo. Kwetu Wamaasai, ukimpa mtu kondoo, majina yenu mnayaweka pembeni. Mnaitana Paker, wewe na yeye, mpaka kufa.

"Paker, una chumvi?"

"Njoo uchukue, Paker."

Mtaa mzima walizoea.

Nyumba ni ya Bibi Evarista, Mwiraqw, mzee aliyehamia kwa mwanawe kule Mbulumbulu. Nilikaa naye humo, nikamtunza alipougua, na alipohama nikabaki. Kumbe nikiwa Kakesio alimtuma mpwa wake Yohani, ambaye hajui mtu mtaani, aje aseme: nyumba aachiwe Paker, akae humo maisha yake yote.

Yohani akafika, akauliza Paker ni nani.

Namelok akajibu, "Ni mimi."

Na wala hakudanganya. Mnauona ujanja huo?

Namelok alipotoka nje na wageni wake, Yohani naye alikuwepo, majirani wakaanza kujaa.

"Paker," nikamwambia, "umenifanyia nini?"

Akaniangalia usoni. Akiniita Paker, nyumba imekwenda. Alilijua hilo vizuri sana.

"Sinyati," akasema. "Rudi kwenu."

Miaka yote hajawahi kulitamka jina langu. Liliniuma kuliko kitanda kutolewa nje. Nikalia pale pale, na wazungu wakapiga picha.

Yohani akachanganyikiwa. Akampigia Bibi, akaweka spika, akamweleza kuna mwanamke amekuja kudai nyumba, anaitwa Sinyati.

"Sinyati simjui," Bibi akasema.

Kweli, Bibi mwenyewe alinijua kama Paker tu!

"Nani kasema anaitwa hivyo?" Bibi akauliza.

"Paker mwenyewe," Yohani akajibu. "Kamwita hivyo mbele yangu. Ila huyu naye anamwita mwenzake Paker."

Bibi akaongea polepole, kwa hasira.

"Marehemu mume wangu alipewa kondoo na Mmaasai. Waliitana Paker mpaka kaburini. Paker ni watu wawili, Yohani. Huyo aliyemwita mwenzake kwa jina, amemkataa. Mtoe nyumbani kwangu."

Namelok akaondoka na mabegi yake, kwa miguu, mtaa mzima ukimtazama. Hakugeuka.

Ndugu zangu, rafiki mtamjua siku jina mnaloitana litakapokuwa na faida. Mimi wangu nimemjua.

Nyumba ninayo. Lakini juzi chumvi iliniishia. Nikatoka barazani, nikafungua mdomo niite…

Nikaufunga. Nikaenda dukani.