Pawa Saplai ya Mzee Bartolomayo

Mshale wa kipimo ulipanda wenyewe, mchana kweupe, nyaya zake zikiwa zimekunjwa juu ya meza na hazijagusa kitu. Lameck alidhani ameona vibaya. Akafuta kioo kwa kiganja, akachomoa plagi ukutani. Mshale haukushuka.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kizamani, sanduku la mbao la kutafutia nyaya zinazovujisha umeme. Vipimo vya kisasa vilijaa kwenye karakana yake ya Chang'ombe, Dodoma, lakini hiki ndicho kilichompatia kazi za majengo ya serikali kule Mtumba, maana hakikuwahi kumdanganya. Pawa saplai yake, boksi la kukilisha umeme, ilipoungua, Lameck alihangaika wiki mbili madukani. Moja ilizidisha volti, nyingine chanya na hasi vimegeuzwa, nyingine boksi la chuma halina hata waya wa ethi, ukiligusa linakupiga shoti. Zote alizirudisha. Mkewe Priska alizoea kumcheka: mwanaume huyu hata betri za tochi lazima azipime mbele ya muuza duka!

Hii ya sasa hakuipima. Aliletewa na mzee Bartolomayo, fundi aliyemfundisha kazi tangu hajui kushika bisibisi, aliyepanda basi kutoka Bahi akiwa ameifunga kwenye khanga.

"Nimeipima mwenyewe, mwanangu," mzee alisema. "Pokea."

Lameck aliitazama mita yake mezani, akaona haya. Utampimaje mwalimu wako mbele ya macho yake? Akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili.

"Nimepokea, baba. Ahsante sana."

Mzee hakungoja hata chai.

Baada ya mshale ikaja harufu, ya manyoya ya mbuzi yaliyoungua, na hakuna waya unaonuka hivyo. Ikaja sauti, ya mtu anayeimba huku amefumba mdomo, ikitoka ndani ya boksi ambalo plagi yake Lameck alikuwa ameishika mkononi. Kisha kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kikafa ganzi. Kesho yake kikafuata cha pete. Akaitupa pawa saplai ile jalalani, na aliporudi karakana, akiwa hajafungua kufuli bado, akaisikia inaimba ndani, akafungua, akaikuta mezani imefungwa kwenye khanga ileile, na alipojaribu kuisogeza kidole cha tatu kikapoa, akakichoma kwa ncha ya bisibisi mpaka damu ikatoka na hakuhisi chochote.

"Baba Jordan, turudi hospitali," Priska alinong'ona.

"Walishasema mkono ni mzima. Ngoja nikamwonyeshe mzee hiki kitu. Yeye atajua."

Maskini, alikuwa bado anamwamini.

Kule Bahi, Editha, binti wa mzee, alikuwa anaanika mpunga uani. Mwaka jana Lameck alimwacha kitandani, mikono yote miwili imekufa, analishwa uji kwa kijiko. Leo aliacha mpunga wake akamkimbilia mgeni akicheka.

"Shikamoo kaka Lameck! Karibu! Lete nikupokee mzigo."

Alinyoosha mikono. Vidole vyote kumi vilikuwa vizima.

"Editha! Usipokee!"

Miaka kumi na tisa Lameck hakuwahi kumsikia mzee Bartolomayo akipaza sauti. Sasa alikuwa amesimama mlangoni pekupeku. Lameck akaelewa kila kitu, na kilichomuuma hakikuwa mkono.

"Kumbe ulijua," alisema.

Mzee alimtuma binti ndani kwanza. Kisha akaongea chini chini, macho yake kwenye ile khanga.

"Jini lilikuwa linanimalizia mtoto. Mganga wa Haneti akalifunga humo. Akasema halitamwacha mpaka apatikane mtu wa kulipokea kwa mikono yake, bila kulazimishwa."

"Umefundisha mafundi wangapi, baba? Kwa nini mimi?"

"Wenzako wangeipima palepale." Mzee alikuwa analia. "Wewe unaniheshimu."

Lameck alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na akajichukia mwenyewe kwa sababu mdomo wake bado ulikuwa umemwita baba. Angeweza kumwita Editha atoke aupokee mzigo. Hakumwita. Alibeba mzigo wake akapanda bodaboda hadi stendi, na njia nzima ya kurudi Dodoma aliapa kwamba hakuna atakayepokea kitu hiki kutoka kwake. Alipofika, kidole cha shahada kilikuwa kimekwenda na gumba limeanza kupoa, na fundi bila gumba hashiki hata koleo.

Priska alimwona kwa mbali. Akatoka kumlaki kama alivyofanya kila siku tangu waoane, mikono mbele.

"Pole na safari. Lete nikupokee."

Neno lilikuwa moja tu. Mzee alilipata upesi kwa ajili ya binti yake. Lameck naye lilimfika kooni, kisha akaliwaza gumba lake, na nafasi ya kulisema ikapita. Khanga ikatoka mikononi mwake.

"Nimepokea," Priska alisema. "Kumbe chepesi hivi!"

Kidole kidogo cha Lameck kilianza kuwasha, kisha cha pete, damu ikirudi ya moto. Alitaka kulia kwa raha. Priska aliweka mzigo mezani, akaukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia, akamsogelea.

"Baba Jordan," alisema, "wewe ndiye unayejua kupima. Hebu niangalie hiki kidole, mbona sikisikii?"