Sale la Aminieli

Sogeeni motoni, wajukuu zangu, na aliye karibu na mlango aurudishe. Haya hayasimuliwi mlango ukiwa wazi.

Eunike alikuwa mjane wa huku kwetu mlimani, mwenye mtoto mmoja tu, Aminieli. Vita vya Hitla vilipokuja, Waingereza wakamchukua Aminieli, wakampa buti na koti zito la sufu. Asubuhi ya kuondoka alichomeka tawi la sale pale kijia cha kwao kinapochepuka kutoka njia kuu. Sale mnalijua. Mmea huo ndio mpaka wa mashamba yetu, ndio na msamaha wetu: ukimkosea mtu ukampelekea jani lake umelifunga fundo, hana ruhusa ya kulikataa.

"Ulitunze, mama," alisema. "Nikirudi hata gizani nitalipapasa, nijue ni kwetu."

Likashika. Likawa refu kumpita Eunike mwenyewe. Kisha kahawa ikashika bei, mlima mzima ukaingiwa na wazimu wa miche. Eunike akaona kile kijia kinamla shamba bure. Akaling'oa sale, akalitupa jikoni kwenye moto, akapanda kahawa mpaka njia ikafa. Yeye akawa anapitia nyuma, kwenye migomba.

Wifi yake Tabea akasimama mikono kiunoni. "Hee! Hata mlangoni unapanda kahawa? Kesho utapanda kitandani!"

"Kwani mtoto atapotea kwao kwa sababu ya kijiti?" Eunike akacheka.

Alicheka, wanangu.

Miezi ikapita, akarudi Sumari, aliyekuwa vitani pamoja na Aminieli. Alirudi peke yake. Akasema mwenzake amebaki Burma, kwenye matope, na hawakupata nafasi hata ya kumfukia.

Masika hayo, jioni moja, Eunike alikuwa anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ukungu umeshuka mpaka chini. Alipokaribia kwake, akasikia...

Kwap. Kwap. Kwap.

Buti. Ndani ya miche yake.

Kisha harufu. Sufu iliyolowa, mafuta ya bunduki, na chini yake kitu kingine, kama nyama iliyosahauliwa.

"Shikamoo, mama."

"Mara... marahaba."

Mtu yule alikuwa amempa mgongo. Ameinama, anapapasa mche baada ya mche, taratibu, kama kipofu anayetafuta fimbo yake.

"Natafuta kwa Eunike. Palikuwa na sale hapa. Silioni."

Sauti ile! Eunike aliibeba tumboni kabla haijawa sauti. Alichotakiwa kusema ni kidogo tu: ndiyo hapa, mwanangu, ingia. Lakini hofu ina mdomo wake.

"Si hapa," alinong'ona. "Pita mbele. Uzunguke mlima... uliza huko Oldonyo Sambu."

Mtu yule akasimama wima. Akapiga saluti, ameuelekea ukungu.

"Asante, mama. Ni mbali?"

"Mbali kidogo."

"Haidhuru. Tumezoea."

Kwap. Kwap. Kwap...

Eunike hakumwambia mtu siku zile. Lakini Tabea alikwenda Oldonyo Sambu kununua mbuzi, akarudi na habari.

"Wifi, huko siku hizi mifugo inarudishwa jua likiwa juu! Kuna askari anapita jioni anaulizia kwao. Anasema kuna mama alimwelekeza huko." Tabea akatema mate pembeni. "Mama gani huyo, asiye na utu?"

Eunike akainama kuchochea moto.

"Sijui, wifi."

Kesho yake aling'oa kahawa kwa mikono yake, kucha zikatoka damu. Akafungua njia. Akachomeka sale jipya, kijiti kisicho na jani hata moja.

Asubuhi iliyofuata, kizingitini, akakuta jani.

Jani la sale, pana, la mti wa miaka. Limefungwa fundo. Limepakaa matope mekundu, na udongo wetu huku mnauona ulivyo mweusi.

Mwenye kosa ndiye hupeleka sale. Aminieli alikosa nini? Mtoto yule alidhani mama amemfukuza kwa sababu kuna jambo amemkosea.

Eunike alilipokea, maana halikataliwi. Akatoka mpaka njiani, akafungua mdomo amwite. Ukungu ukatulia kama unaosikiliza.

Jina halikutoka. Aibu ikamrudisha ndani.

Aliishi na lile jani kifuani mpaka uzee. Haya alinisimulia mwenyewe siku zake za mwisho, na mimi ni mmoja wa tuliomwosha alipokufa, tukamzika nalo. Lilikuwa bado bichi. Lilikuwa bado limelowa.

Yule kijana, mpaka leo hakuna aliyemwambia aingie.

Sikilizeni... Hapana, usiukaze huo mlango, mjukuu wangu. Uache. Ufungue, ubaki wazi.