Mashine Isiyopiga Kelele

Jua lilikuwa linazama upande wa mtaa wa Kaptembwo, Wasike alipoingia dukani kwa Jagdish mara ya tatu, na mara hii hakusalimu mtu. Aliitua mashine juu ya kaunta. Puu!

"Hii si kitu ya mtoto," alisema. "Hii ni posho mill ya kusaga mahindi!"

Hasira zake zilikuwa na sababu. Binti yake Nanyama, wa miaka tisa, alipenda mawe kuliko peremende. Aliyaokota kila mahali, hasa yale meusi kama kioo ya huko Menengai. Alipoongoza darasa lake, baba akamwahidi mashine ya kuyang'arisha: kipipa unachotia mawe, mchanga na maji, kisha kinazunguka usiku na mchana, mwezi mzima. Ya kwanza ilivuja ikalowesha godoro. Ya pili ndiyo hii. Nyumba za landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, kuta zake ni jina tu, na jirani yake Joash, aliyefanya shifti ya usiku na kulala mchana, alikuwa amegonga ukuta kwa ufagio wiki nzima. Sasa alitishia kwenda kumshtaki kwa msimamizi wa nyumba.

"Nataka ndogo. Isivuje. Isipige kelele. Ni mengi hayo?"

Jagdish alivua miwani. "Bwana Wasike, mawe ikigonga mawe, kelele iko. Itaenda wapi?"

"Mimi iko na moja."

Sauti ilitoka nyuma ya kaunta, ya kunong'ona. Alikuwa Tara, mke wa marehemu fundi Balbir, aliyekaa nyuma ya duka. Mji mzima ulijua anahamia Uingereza Jumamosi.

"Kimya kabisa," alisema.

Wasike akamfuata. Nyumba ilikuwa tupu, maboksi yamefungwa kwa kamba. Ilinuka mafuta ya mkaratusi, yale wanayopakwa watoto wenye kifua. Chini sakafuni, karibu na pazia, kipipa cha mpira kilikuwa kikizunguka polepole.

Hakuna sauti. Wasike alipiga magoti, akatega sikio.

Kimya...

"Mawe imo ndani?"

"Imo." Tara alikuwa akitazama pazia. "Toto yako, kifua yake iko nzuri?"

"Kifua ya nini, mama? Nanyama akikimbia, hata vijana hawamshiki."

"Basi chukua, bure. Lakini kwanza sema ni ya nani. Sema na jina."

Mwingine angejiuliza. Lakini Wasike alikuwa amechoka na wauzaji, amechoka na Joash, amechoka na maswali. Alifoka, "Ni ya Nanyama! Haya, nimesema!"

Tara akachomoa waya. Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi, ndefu, kama aliyetolewa majini. Wasike aliisikia, akabeba mashine yake akaenda zake.

Nyumbani alitoa balbu, akaunga waya kwenye tundu la taa, maana umeme mwingine hawakuwa nao. Wakawasha koroboi. Nanyama akatia mawe yake, kipipa kikazunguka, na Joash hakugonga ukuta. Kwa mara ya kwanza mwezi ule Wasike alikula akashiba.

Siku ya nne mkewe Truphosa alisema, "Baba Nanyama, huyu mtoto hakimbii tena."

"Mwache apumzike. Nyinyi hamkosi la kulalamika!"

Jumapili baada ya kanisa Nanyama alilala mkekani. Mchana kweupe, jua limejaa mlangoni. Wasike aliinama kutafuta ndara zake.

Kra... kra... kra...

Mawe yanasagana. Alitazama mashine. Kimya. Aliweka sikio kwenye kipipa. Kimya vilevile. Akageuka, akatambaa hadi mkekani, akalaza sikio juu ya kifua cha mwanawe.

Kra... kra... kra...

Akaruka akachomoa waya.

Kipipa kikasimama. Na kifua kikasimama.

"Nanyama?"

Midomo ya mtoto ilianza kuwa ya buluu. Truphosa alipiga ukemi. Wasike akapanda kiti, waya ukakataa kuingia, akautukana, akautukana tena huku analia, mpaka ukashika. Kipipa kikajongea. Nanyama akakohoa.

"Baba," alisema bila kufumbua macho, "mawe zimeng'aa?"

Jumatatu alikimbia kwa Tara, akiomba awe hajasafiri. Alikuta kufuli. Alimshika Jagdish shati.

"Mimi hapana jua kitu," Jagdish alisema kwa sauti ya chini. "Ile mashine Balbir alinunua kwa mtu, kwa sababu ilikuwa kimya. Miaka sita msichana yao Sudha hakutoka kitandani. Miaka sita, haijazimwa. Jumamosi nilipeleka wao stesheni. Sudha alipanda gari moshi mbio, bwana. Mbio!"

Wasike alirudi kwa miguu, akijilaani njia nzima. Swali moja tu la subira lingemwokoa mwanawe, naye badala yake alikuwa amelitamka jina lake kwa hasira. Na kulikuwa na jambo jingine. Umeme wa landi ulikatika kila mvua kubwa iliponyesha.

Alasiri ile mawingu yakashuka kutoka Dundori.

Alikuwa amesimama chini ya tundu la taa, akitazama kipipa, pale mtu alipobisha hodi. Joash. Alikuwa akitabasamu.

"Jirani, nilikukosea. Siku hizi kimya, nalala vizuri sana. Ulitoa wapi hii kitu? Adero wangu naye anataka ya mawe. Amenisumbua!"

Tone likagonga bati. La pili. Kipipa kikapunguza mwendo, na mkekani pumzi ya Nanyama ikapunguza mwendo pamoja nacho. Kisha vikashika tena.

"Usiseme," Truphosa alinong'ona kutoka mkekani. "Baba Nanyama, nakuomba, usiseme."

Wasike hakumtazama. Alimchukia Joash, ufagio wake na tabasamu lake, lakini Adero alikuwa mtoto mzuri, aliyemwamkia kila asubuhi akienda shule. Mvua ikaongezeka. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ya kunong'ona.

"Huyo Adero wako... kifua yake iko nzuri?"

Joash akacheka. "Adero? Huyo akilia, mtaa wote wa Rhonda unasikia!"

"Basi chukua, bure," alisema Wasike, akashika waya. "Lakini kwanza sema ni ya nani."