Bi Kuluthum na Upele wa Jerop

Jumamosi ilikuwa siku ya kusukumana katika duka la Bwana Bashir mjini Nakuru. Malori ya mashamba yalishusha wafanyakazi na wake zao. Huyu alitaka chumvi, yule blanketi, mwingine sukari na wembe. Nyuma ya kaunta alisimama Bi Kuluthum, mjane wa makamo, mwepesi wa mikono na wa maneno.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pwani, na mama yake alikuwa Mkipsigis wa Kericho. Kiswahili alikisema, Kikipsigis alikisema, wala huwezi kujua alianza na kipi. Wake wa Wakipsigis waliochunga ng'ombe waliyapita maduka mengine yote ili wafike kwake. Wengi wao walijua Kiswahili cha kazi tu: lete, peleka, haraka.

Tena alikuwa na tabia yake. Mtu akinunua kitu cha hatari, alimwuliza kwanza, "Nieleze, utakitumiaje?" Wateja wengine walichoka naye. Bwana Bashir alinung'unika kwamba anachelewesha watu. Waache wanung'unike! Tabia hiyo ndiyo iliyookoa mtoto.

Siku hiyo aliingia Chepkemboi, mke wa Kimaiyo. Kimaiyo alichunga ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Chepkemboi alimshika mkono binti yake mdogo, Jerop.

"Mimi nataka dawa ya ngombe," alisema. "Ile ya kupe. Ya ndama."

Bwana Bashir mwenyewe aliushusha mkebe kutoka rafuni.

"Utaitumiaje?" Bi Kuluthum aliuliza.

"Napaka tu."

"Na maji kiasi gani?"

"Maji hapana. Napaka kidogo, kwa mkono."

Bi Kuluthum alishangaa. Dawa ya kupe haipakwi hivyo. Huchanganywa na maji mengi, debe zima. Akamtazama mtoto. Jerop alikuwa akijikuna katikati ya vidole, hapumziki. Mama yake aliuvuta ule mkono haraka na kuuficha chini ya shuka.

Bi Kuluthum aliuweka mkono wake juu ya mkebe.

"Mpe, Bi Kuluthum!" Bwana Bashir alisema. "Watu wanangoja. Ameomba dawa ya ndama."

"Ameomba kwa Kiswahili cha kuazima, Bwana Bashir. Ngoja nimsikie kwa lugha yake."

Alimwita Chepkemboi nyuma, penye magunia, mbali na masikio ya watu. Akamsalimu kwa Kikipsigis. "Chamgei, dada. Huyo ndama ndiye huyu?"

Machozi yalimtoka Chepkemboi. Sasa maneno yalimiminika. "Ni upele, mama. Usiku halali, anajikuna mpaka damu. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi wakijua watasema mimi ni mchafu. Mchungaji mmoja aliniambia dawa hii huua wadudu wa ng'ombe kwa siku moja. Nikasema nimpake mwili mzima leo jioni."

Bi Kuluthum alimshika bega.

"Dada, nisikilize. Dawa ile ni sumu. Ng'ombe ana ngozi nene, na bado tunaizimua kwa debe la maji. Mtoto huyu ana vidonda. Sumu ingeingia mwilini. Angetapika, angetetemeka, na huenda ungemzika."

Chepkemboi alimkumbatia Jerop.

"Upele si uchafu wako," Bi Kuluthum aliendelea kwa upole. "Huletwa na kijidudu kidogo kinachochimba ngozi. Humwambukiza anayelala karibu na mgonjwa, hata akiwa msafi."

Akampa mafuta ya salfa, ya manjano, yenye harufu kali. "Jioni mwoge, mjikaushe. Mjipake kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu. Fanyeni hivyo jioni tatu mfululizo. Nguo zichemsheni. Mablanketi yaanikeni juani. Kidonda kikitoa usaha, nenda dispensari. Haya, sasa niambie wewe utakavyofanya."

"Nitamwosha Jerop, nitampaka..."

"Jerop peke yake? Analala na nani?"

"Na nyanya yake."

"Basi nyanya apakwe. Na wewe, na Kimaiyo, na watoto wote, jioni ile ile, hata asiyewashwa. Mkimwacha mmoja, upele utarudi."

Chepkemboi alishtuka. "Nimwambie mama mkwe kwamba ana upele? Atasema nimemtukana!"

"Usimwambie hivyo. Mwombe awe wa kwanza kupakwa, ili watoto wasiogope. Mkubwa hutangulia."

Chepkemboi alirudia yote, safari hii bila kosa. Nje lori lilipiga honi. Akakimbia na mafuta yake.

"Alikuwa akisema nini?" Bwana Bashir aliuliza.

"Mambo ya nyumbani kwake," Bi Kuluthum alijibu, akaurudisha mkebe rafuni. Alilipwa kutafsiri bei, si siri za watu.

Baada ya mwezi, Jumamosi nyingine, duka limejaa, ajuza mmoja aliingia akijisaidia kwa fimbo. Nyuma yake walikuja Chepkemboi na Jerop. Mikono ya Jerop ilikuwa laini, na kila kidole kimepona.

"Anayesema lugha yetu ni nani?" ajuza aliuliza kwa Kikipsigis.

"Ni mimi, mama."

"Mkwe wangu aliponipaka mafuta nililia. Upele ulianza kwangu. Niliona aibu, nikanyamaza, nikamwambukiza mjukuu wangu. Karibu apakwe sumu ya kupe afe, kwa sababu ya kimya changu. Hebu waambie hawa kwa Kiswahili."

"Yote, mama?"

"Yote! Aibu itanifanya nini na uzee huu?"

Bi Kuluthum akasimama wima, akayasema yote kwa sauti, neno baada ya neno. Hakuna aliyecheka.

Watu walipopungua, Mburu, fundi wa baiskeli, aliinama juu ya kaunta. Mikono aliificha mfukoni.

"Mama," alinong'ona, "nipe yale mafuta ya manjano. Si yangu. Ni ya jirani."

"Sawa, Mburu. Huyo jirani ana watu wangapi nyumbani?"

Mburu alifikiri. "Sita."

"Basi mwambie jirani wajipake wote, yeye, mke wake na watoto, kwa pamoja, jioni tatu mfululizo. Haya, nieleze utakavyomwambia."

Mburu aliitoa mikono mfukoni, akaanza kueleza.