Bati la Kijani la Hamudia

"Barka, hili bati umelitoa wapi?"

"Sokoni Adrar. Kwani siku hizi bati linaulizwa pasipoti?"

Mebruka hakucheka. Harusi ni keshokutwa, hina imeshapondwa, naye amesimama katikati ya chumba atakacholala maisha yake yote, anatazama paa, shingo juu kama kuku anayemeza maji. Bati la kijani, nene, lina misumari ya vichwa vya duara pembeni. Hapa Reggane bati la namna hiyo halitoki dukani. Linatoka Hamudia, kule jangwani Wafaransa walikolipua bomu lao la nyuklia, wakafukia vyombo vyao nusunusu, wakaenda zao.

"Nitazame usoni useme Adrar."

Barka akatazama viatu.

"Binti wa watu, kila nyumba hapa ina kipande chake. Babu yangu alitengenezea kitanda."

"Na babu yako yuko wapi?"

Barka akaokota msumari sakafuni, akaugeuzageuza.

"Mama alichomea mikate juu ya bati kama hili. Akasema linashika moto vizuri! Tukala, tukamsifu. Nimemuuguza koo mpaka nikamzika. Sasa namshika mkono baba, haoni hata mlango. Nimechoka, Barka. Sina nguvu za kukuuguza na wewe."

"Ndiyo kusema harusi hakuna?"

"Bati au mimi."

Akajitanda mtandio, akatoka. Angebamiza mlango, ila mlango wenyewe ulikuwa haujatiwa bado.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Mama yake Barka.

"Mwanangu, umemlisha nini huyu? Yuko juu anang'oa paa! Majirani wanasema mmeachana kabla hamjaoana."

"Mwache ang'oe, mama."

"Na jua je? Mtaanikwa kama tende!"

Adhuhuri ukaingia ujumbe: "Nimeyashusha yote. Jirani yetu Bashir anayataka, aezekee banda la mbuzi."

Akajibu: "Maziwa ya hao mbuzi wanakunywa watoto wa nani? Yazike."

Baba akaomba maji, akampa. Akaja kuitazama simu tena.

"Ardhi ngumu kama moyo wako. Nachimba."

Mebruka akakaa chini, akalia kidogo, kisha akaenda kupakwa hina.

Siku ya harusi aliingizwa kwa vigelegele katika chumba chenye kuta nne na mbingu. Wageni walipotoka, jua likizama, Barka alijaribu kumshikia bilauri ya chai. Viganja vilikuwa malengelenge matupu. Mebruka akaishika yeye, akamnywesha.

"Mvua ikinyesha je?" Barka akauliza.

"Reggane hii? Tutakuwa na wajukuu."

Wakacheka. Kisha upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wa Hamudia, na mchanga wake. Barka akainuka kutafuta cha kuzibia, hakukiona. Mebruka akavua mtandio wa harusi, akaufunika uso wa mumewe, akajifunika na yeye.

"Upepo nao tutauzika?" sauti ikatoka chini ya kitambaa.

"Upepo hatuuwezi, mume wangu. Sogea huku, unanivutia nguo."