Talaka ya Mtu Mwingine

Feri ya Likoni haina mambo mengi. Yatoka kisiwani, yaenda Likoni. Ikichoka kukaa Likoni, yarudi kisiwani. Hata mbuzi wanaopandishwa wajua. Lakini Jumamosi moja, mwanzo wa mwaka 1962, katika msukumano wa watu, baiskeli na matenga ya kuku, kijana mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa haina raha alimwinamia msichana aliyekuwa mbele yake.

"Samahani dada, hii ni feri ya Likoni?"

Msichana akageuka. Buibui lilikuwa limemteleza mabegani, leso nyekundu yachungulia kwa ndani, na macho aliyapaka wanja wa kutosha watu wawili.

"A-a, hii yaenda Bombei," akasema. "Ya Likoni imeondoka jana."

"Wallahi?"

"Lo! Kaka, una homa?"

Kijana akacheka, masikio yakamwiva. "Nilijua. Nilitaka kuhakikisha tu."

"Basi ukishahakikisha feri, hakikisha na mguu wangu, maana umeusimamia tangu tulipoingia."

Kivuko chenyewe ni kifupi, lakini wenye nia hawahitaji bahari kubwa. Feri ilipogusa Likoni, kijana alikuwa ameshajua kwamba msichana aitwa Mwanakheri, kwamba babake ni Mzee Rama mwenye mihogo na minazi kule juu, na kwamba duka la Bwana Hamoud, jirani yao, lina simu. Naye Mwanakheri alikuwa ameshajua kwamba huyu ni Hamdun, wa ukoo wa wafanyabiashara, na kwamba ashika funguo za bohari moja la Changamwe. La tatu hakuambiwa, akaja kuligundua mwenyewe: Hamdun akifunga kufuli la bohari huenda hatua ishirini, akarudi kulivuta. Akaenda tena, akarudi tena. Basi la jioni lilikuwa limeshazoea kumwacha.

Simu zikaanza. Kila saa sita mchana Bwana Hamoud alitoka mlangoni na fulana yake, akapiga ukelele mtaa mzima usikie: "Mwanakheri! Bwana Hakikisha yuko kwenye waya!"

"Nambie, mpenzi," Mwanakheri husema, amemgeuzia Hamoud mgongo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Kweli?"

"Hamdun, wataka nikutapikie kwenye simu uone?"

Walioana mfungo mosi, mara tu baada ya Idi. Harusi ilikwenda salama kwa sababu shehe alikuwa na haraka na bwana harusi hakupewa nafasi ya kufikiri. Wakahamia Changamwe, chumba na ukumbi, na kwa miezi minne walipendana mpaka majirani wakaanza kukohoa wakipita dirishani.

Mwaka ule, wajua, hapakuwa na mtu Pwani asiyekuwa na wasiwasi. Mwambao utabaki na Sultani? Utaingia Kenya? Wazungu wakiondoka nani atakaa kwenye viti vyao? Barazani watu waliulizana hayo mpaka kahawa ikapoa. Lakini wakishaulizana walikwenda kulala wakakoroma. Hamdun hakukoroma. Wasiwasi wa wenzake ulikuwa mgeni wa kupita. Wa kwake ulikuwa na ufunguo wa nyumba.

Siku ya siku ilikuwa Jumatatu, saa ya chakula, mbele ya bohari. Hamdun alikuwa akila mihogo na mwenzake wa kazi, Mwarandu, mtu wa Utange mwenye kicheko kama pipa linaloviringishwa. Alikuwa akimsimulia habari ya fundi mmoja wa Mikindani aliyemwacha mkewe kwa ajili ya chai iliyopoa.

"Basi yule bwana akasimama mlangoni," Hamdun akasema, na yeye akasimama, mkono kiunoni, "akapaza sauti, 'Mke wangu nimemwacha!'"

Mwarandu akacheka mpaka muhogo ukamtoka. Hamdun hakucheka. Alibaki amesimama vilevile, mkono kiunoni.

"Mwarandu. Nimesema nini?"

"Umesema maneno ya yule fundi."

"Lakini mdomo ni wangu."

"Yakhe, kaa ule."

Hakula. Jioni alirudi nyumbani, akamkuta Mwanakheri amejifukiza udi, amevaa dera jipya la kijani, mchuzi wa papa watoa moshi. Akakaa mwisho wa mkeka, mbali, kama mtu aliyekuja kudai kodi.

"Mume wangu, una nini?"

"Sina kitu, Bi Mwanakheri."

Bi! Mwanakheri akaweka mwiko chini.

Hebu ingieni kichwani mwa Hamdun kidogo, mlango haufungwi. Ikiwa yale maneno yalihesabiwa, huyu si mkewe tena, na kumgusa ni haramu, na kumwita mke wangu ni uongo. Ikiwa hayakuhesabiwa, ni mkewe, naye amwonea. Atamwelezaje? Kumweleza lazima ayataje maneno yenyewe. Na akiyataja, je, si itakuwa ni mara ya pili?

Akaenda kwa shehe wa kwanza. Kwa kuogopa kutamka, akamwandikia kwenye karatasi. Shehe akasoma, akamwambia kusimulia talaka ya mtu si kuacha, ndoa yako iko, nenda kwa mkeo. Hamdun akashukuru, akafika njia panda, akakumbuka kwamba kuandika nako kuna hukumu yake. Akaenda kwa wa pili. Wa pili akasema vilevile, lakini alikuwa akivaa viatu. Huenda hakusikia vizuri. Wa tatu alisema vilevile, akaongeza kwamba akimwona tena atamwitia askari.

Mwanakheri naye hakukaa bure. Alizinusa kanzu zote. Akaangalia mifuko. Hakupata hata unywele, na kutopata kukamwuma zaidi. Siku ya kumi na mbili akasimama mbele yake.

"Ana jina?"

"Nani?"

"Huyo."

"Hakuna mtu. Naapa."

"Vizuri. Basi niangalie usoni, useme mimi ni mke wako."

Hamdun akafungua mdomo. Nje mtu alikuwa akiuza maji, akapita, akaenda zake, sauti ikapotea, na Hamdun bado hajasema.

Mwanakheri akachukua sanduku.

Kwa desturi, mke akienda kwao kwa hasira, mume humfuata na mtu mzima mmoja, wakakaa, wakalaumiwa, wakapewa chai, wakarudi na mke. Wiki ikapita, hakuna mtu. Ya pili ikapita. Mzee Rama, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema: "Ijumaa nikitoka msikitini, napita kwa kadhi. Mwanangu si mzigo wa kusahauliwa bandarini."

Jumatano simu ikalia kwa Bwana Hamoud. Safari hii hakupiga ukelele. Alikwenda mwenyewe kumwita, polepole.

"Halo," Mwanakheri akasema.

Pumzi tupu.

"Hamdun, najua ni wewe. Hata ukipumua wapumua mara mbili. Waja?"

"Nataka kuja."

"Waja au wataka kuja?"

"Bi Mwanakheri..."

Akakata. Bwana Hamoud akajitia anapanga sabuni.

Alhamisi Mwarandu alimshika mwenzake mkono, akamvukisha daraja la Nyali mpaka Kisauni, kwenye dispensari ndogo ya bati. Dresa wa pale, mfunga vidonda aitwaye Kitsao, alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye soksi mpaka magotini. Kila Alhamisi akishafunga dawa huacha mlango wa nyuma wazi, na wanaume wenye wasiwasi huja. Wake zao huambiwa ni kikohozi. Siku hizo Kisauni ilikuwa na kikohozi kikubwa cha wanaume, na hakuna hata mmoja aliyetema.

Kwenye benchi palikuwa na mvuvi aliyeshika kifundo cha mkono wake, ahesabu mapigo, aogopa moyo utasimama asipoulinda. Kando yake mwalimu wa shule aliyeamini kila barua ni ya kumfukuza kazi.

"Hapa kuna sheria mbili," Kitsao akamwambia Hamdun. "Unasema shida yako mara moja tu. Na hakuna ruhusa ya mtu kukwambia usijali."

"Kwa nini?"

"Umeshaambiwa mara ngapi?"

Hamdun akakaa kwenye benchi. Kisha akasema yote, ila yale maneno aliyaruka kama mtu arukaye dimbwi.

"Mimi ni Mkristo," Kitsao akasema. "Mambo ya talaka zenu siyajui. Wenyewe wamesemaje?"

"Wote watatu wamesema ndoa iko. Lakini nafikiri kuna shehe mmoja kule Jomvu..."

"Ndoa yako haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe. Hakuna shehe wa nne."

"Na lile wazo likija?"

"Litakuja. Usilibishie, usiliombe liondoke. Likuulize, wewe ushike kazi yako. Wewe umelifanya liwe kadhi, kila siku unalipelekea kesi."

"Lisipoondoka?"

"Utakwenda nalo Likoni. Na lile neno uliloliruka, kalimalize kule. Si mimi ninayestahili kulisikia."

Mvuvi akaachia kifundo cha mkono. "Nenda, ndugu yangu," akasema. "Mke wangu mimi amechoka na kikohozi."

Ijumaa asubuhi, Mzee Rama alikuwa ameshavaa kanzu nyeupe na kofia ya darizi, bakora mkononi. Mwanakheri alikuwa uani, juu ya mbuzi, akikuna nazi kwa nguvu kuliko nazi inavyohitaji. Hamdun akaingia peke yake, ametota jasho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Mzee Rama akasema, kwa sababu salamu ni salamu.

"Nimekuja kusema. Nikisimama katikati msinisaidie."

Akasema. Mihogo, fundi wa Mikindani, chai iliyopoa. Alipofika mahali penyewe uso ukawa kijivu, mikono ikatafuta mahali pa kukaa, ikakosa. Mwanakheri akaacha kukuna.

"Fundi akasimama mlangoni," Hamdun akasema, "akasema, 'Mke wangu nimemwacha.'"

Kuku wakaendelea kuparua. Hamdun akaendelea: mkeka, mashehe, karatasi, simu. Hakurudi nyuma hata mara moja kurekebisha.

Mwanakheri akainuka na chembe za nazi mapajani.

"Yaani siku zote hizi nalia najua umepata mwanamke, kumbe umepata sentensi?"

"Ndiyo."

"Nimenusa kanzu zako mpaka nikapata mafua!"

"Hivi," Mzee Rama akauliza, "yule fundi alirudiana na mkewe?"

"Baba!"

Mzee akaiegemeza bakora ukutani. Kwa kadhi hakwenda siku ile.

"Leo sirudi," Mwanakheri akasema. "Bado nina hasira na wewe. Na siku nitakayokuja usiniulize."

Hamdun alitaka kuuliza. Shingo ilimvimba kwa kutaka. "Siulizi," akasema. "Nipe maji ninywe, mke wangu."

Wazo likaja palepale, likasimama mbele yake na maswali yake yote. Akapokea kikombe, akanywa mpaka mwisho, nalo limesimama.

Jumamosi Mwanakheri hakuja. Jumapili hakuja. Jumatatu Hamdun alifagia ukumbi ambao haukuwa na taka. Kazini, simu ya bohari ilikuwa pale mezani, nyeusi, yamtazama. Akaenda kupanga magunia. Jumanne, saa kumi alasiri, amesharudi nyumbani, akasikia sanduku likishushwa kibarazani.

"Ulijua nitakuja leo?" Mwanakheri akauliza kutoka nje, wanja umemmwagika kwa jua.

"Sikujua."

"Na hukupiga simu?"

"Sikupiga."

Akamtazama kwa muda, kama mtu aonyeshwaye kitambaa kipya dukani. Halafu akamsukuma kwa bega.

"Basi nipishe mlangoni, mume wangu. Miguu yaniuma."