Mpira Hauyeyuki

Kamba nyeusi zilizokuwa zikitoka kwenye mashine asubuhi hiyo zilinuka dawa ya kuchua. Khisa ndiye aliyeinusa kwanza. Alikuwa amesimama kando ya karai refu la maji ambamo kamba hizo hupozwa, akauliza ni nani aliyejipaka dawa ya wazee. Nasambu, aliyekuwa juu ya ngazi akimimina unga wa mpira kwenye mdomo wa mashine, alizidi kumimina.

Kiwanda chao kidogo, nje ya mji wa Kitale, kilisaga matairi na viatu vikuukuu, kikauchanganya unga huo na plastiki kwa moto, kisha kikakata kamba zilizotoka kuwa punje za kutengenezea soli za ndara. Jana yake, wenzake walipokwenda kula, Nasambu alikuwa ametumbukiza kwenye mashine ya kusaga gambuti za marehemu mama mkwe wake, Linah, viatu virefu vya mpira vya kukanyagia matope. Tangu mazishi zilikuwa zimebaki mlangoni pa nyumba yao, zimeelekea ndani, na kila alipozipita alihisi anatazamwa.

Linah alikuwa ameteremka kutoka mlimani kuja kutibiwa mguu. Nasambu na mumewe, Kigen, walimpa kijumba kilichokuwa nyuma ya nyumba yao, akawa anashinda akijipaka dawa na kutembea huku akiuburuta mguu wa kushoto. Jumapili moja alasiri, mvua ikinyesha, alianguka uani. Aliita. Nasambu alikuwa amejilaza kwa uchovu; alilisikia jina lake vizuri kabisa, akajiambia kuwa mzee anataka chai tu, akavuta blanketi hadi masikioni. Mvua ilipokatika walimkuta ameshakuwa baridi. Kigen alisema alikuwa akikamua ng'ombe, hakusikia kitu. Nasambu alisema alikuwa amelala.

Sasa ndani ya bomba la chuma la mashine, mahali plastiki inapoyeyukia, kulisikika kikohozi. Kilikuwa kikavu, cha mtu mzima anayejizuia. Khisa aliizima mashine. Kikohozi kiliendelea.

"Hii ni jini, dada," Khisa alisema kwa sauti ya chini. "Umeweka nini humu?"

"Viatu tu vya zamani. Vya mpira." Nasambu alishuka ngazi. "Si vimeshayeyuka?"

Khisa alitikisa kichwa. "Plastiki ndio inayeyuka. Mpira hauyeyuki. Unasagika tu, halafu unaenea kila mahali ndani yake."

Punje za kwanza zilikuwa zimeshapelekwa chumba cha pili, na soli zilikuwa zimepangwa sakafuni zipoe. Nasambu alipopita hapo akitafuta mlango, aliona zimelowa matope mekundu, zile za kushoto tu, ilhali hakuna mguu uliokuwa umezivaa.

Aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Jua lilikuwa likiwaka, kuku wakichakura uani, na Kigen alikuwa mezani akinywa chai, na Nasambu alikuwa ndio kwanza ameketi mbele yake wakati hatua zilipoanza kule kijumba cha nyuma, moja ikikanyaga na nyingine ikiburutwa, zikavuka ua polepole, zikazunguka ukuta wa jikoni huku harufu ya dawa ikitangulia kuingia kwa dirisha, zikafika mlangoni na kutulia hapo, kama mtu anayengoja kukaribishwa na anajua hatakaribishwa. Kigen aliweka kikombe chini. Hakuuliza ni nani.

Hatua zilirudi kila alasiri. Mwishowe walimwita Jerono, mama wa kanisa kutoka Kimilili, ambaye watu walisema pepo humtoroka. Aliomba chumba baada ya chumba hadi leso yake ikalowa jasho. Halafu akanyamaza, akasikiliza, akaichukua Biblia yake mezani.

"Huyu hajatumwa na mtu, siwezi kumfukuza," aliwaambia. "Anaitika. Kuna mtu humu ndani anamwita kila siku moyoni."

Alikataa chai, akaondoka bila kutazama nyuma.

Nasambu alibaki ameinamisha kichwa. Alimwambia Kigen habari za gambuti. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuishia hapo, alimwambia habari za mvua, na jina lake lililoitwa, na blanketi. Alisema kwamba tangu siku hiyo kila akilala humwambia mzee moyoni asimame, yeye anakuja sasa hivi. Akangoja mumewe ainuke ampige, au amfukuze arudi kwao Bungoma.

Kigen hakuinuka. Alikuwa akiutazama mlango.

"Aliniita mimi kwanza," alisema. "Nilikuwa kwa ng'ombe. Nikasema, Nasambu yuko ndani, ataenda."

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nje hatua zilianza, zikavuka ua, na safari hii hazikutulia mlangoni. Ziliingia moja kwa moja, zikapita jikoni, zikaja hadi mezani na kukoma kati ya viti vyao viwili. Sakafu ilikuwa kavu, hapakuwa na kitu cha kuona. Ilisikika pumzi tu, ya mtu aliyechoka kusimama, ikigeukia upande huu, kisha upande ule.

Nasambu aliinuka, akamvutia mzee kiti.